Mizani ya Wakia

Kaka yangu hanywi chai ya mtu. Sokoni wote wanalijua hilo. Miaka ishirini na mbili anatengeneza mizani, na katika miaka hiyo hajawahi kuketi na muuza nyama, muuza mchele wala muuza misumari wakashika vikombe pamoja. Anasema ukinywa chai ya mtu asubuhi, mchana utaionea haya mizani yake. Kwa hiyo anabeba chai yake kwenye chupa kutoka nyumbani, anaimimina kwenye kifuniko, anainywa amesimama huku ameelekea ukutani, halafu anafunga chupa na kurudi kazini. Watu wanamsalimu kwa adabu na kwa mbali. Wanamwita Fundi, na sidhani kama nusu yao wanalijua jina lake.

Mimi ni mdogo wake. Nina saluni ya kusuka nywele mtaa wa pili kutoka sokoni, na chumba changu na chake vinagawana ukuta, kwa hiyo nina haki zote za kumsema. Ni mgumu, ni mbishi, na akikosea ananyamaza badala ya kusema amekosea. Lakini mizani anaijua. Kibanda chake kina meza moja, taa ya kuinamia, harufu ya mafuta ya taa, na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba ya kupimia, kila jiwe na kitundu chake. Hayashiki kwa mkono mtupu. Anasema jasho la vidole lina uzito, na mimi nikicheka ananitazama kama nimemtukana.

Siku moja muuza nyama alibandika sumaku chini ya sahani ya mizani yake. Kaka aliweka jiwe la kilo, akakunja uso, akapitisha kidole chini, akaitoa ile sumaku na kuiweka mezani bila neno. Muuza nyama akaanza kuapa kwa marehemu wote wa ukoo wake. Kaka akasubiri mpaka marehemu wakaisha, halafu akauliza, "Umemaliza? Haya, nishikie hapa."

Mizani ikishakuwa sawa, anapitisha waya kwenye kifuniko chake, anaufunga kwa kidonge cha risasi, na kidonge anakibana kwa koleo lenye mhuri wake. Hiyo ndiyo lakiri. Huwezi kuifungua mizani bila kuivunja, na ikivunjwa kila mpita njia anaona. Soko zima linauziana kwa kuamini koleo la kaka yangu.

Binti yake ana miaka tisa. Tunamwita Wakia, jina la utani alilopewa na baba yake siku alipozaliwa, kwa sababu wakia ni kipimo cha zamani cha vitu ambavyo mtu hapimi kwa gunia. Alizaliwa mnene, na nywele zake. Alipokaribia mwaka nywele zikaanza kupukutika, ngozi ikakaza, na nguo za miezi sita zikaendelea kumtosha. Tulizunguka hospitali miaka miwili. Wengine walisema ni lishe, wengine walitutazama kama watu wanaomnyima mtoto chakula. Mwishowe tukafika kwa daktari wa moyo wa hospitali kubwa, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini. Alimshika Wakia mkono muda mrefu, akazichunguza kucha zake, akatuma damu yake ikapimwe mbali, na jibu liliporudi akatukalisha.

Alisema ni ugonjwa wa watoto kuzeeka kabla ya wakati. Unaitwa projeria. Hauambukizi, wala hakuna aliyekosea, si baba si mama. Hakuna dawa ya kuuondoa. Mishipa ya damu inakuwa migumu kama ya mzee, na anayelipa ni moyo. Iko dawa inayopunguza mwendo wake, na kiasi cha dawa hiyo kinakadiriwa kwa kimo na uzito wa mtoto. Nilimwuliza wengine kama yeye wako wangapi hapa. Akafungua daftari alilotenga kwa ugonjwa huo, akanigeuzia nione. Lilikuwa na jina moja.

Sasa Wakia ana kimo cha mtoto wa miaka mitatu au minne, kichwa hakina hata unywele, mishipa yake unaiona kwa macho, magoti na vidole havinyooki vizuri, na sauti yake ni nyembamba sana. Akili ni za miaka tisa. Mdomo ni wa miaka arobaini. Akitoka shule anakuja saluni, anapanda kiti cha wateja kwa kukikwea kidogo kidogo, anajitazama kwenye kioo na kuniambia, "Shangazi, leo nina haraka, nisuke mistari miwili tu." Wateja wanaomjua wanavunjika mbavu. Wasiomjua wanatazama sakafu.

Kila miezi mitatu tunapanda basi, safari ya nusu siku, kwenda kwa daktari. Wanampima presha kwa mkanda wa mtoto mchanga. Wanambandika nyaya kifuani kusoma umeme wa moyo, wanapitisha kifaa chenye mafuta baridi shingoni kutazama mishipa inayopanda kichwani. Kuna picha ya nyonga, kuna masikio, kuna meno, ambayo yanaota mawili mahali pa moja. Wakia anawajua wote na wote wanamjua. Mpimaji wa ile mashine ya mafuta anamwita Mjomba Baridi, usoni kwake kabisa.

Kati ya safari na safari, kazi ya nyumbani kubwa ni moja, nayo ni uzito. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajala, gauni lile lile, mizani ile ile. Daktari alituambia mtoto huyu hana akiba mwilini. Akishuka gramu mia mbili, hiyo ni habari. Akipanda ghafla, hiyo ni habari mbaya zaidi, maana huenda moyo umechoka na maji yanamjaa. "Mimi niko mbali," alisema. "Namba hiyo ndiyo macho yangu kwake."

Namba inakwenda kwa watu wawili, daktari na mama yake Wakia. Wifi yangu aliondoka Wakia akiwa na miaka minne. Alisema anakwenda kumwuguza mama yake, miji mitatu kutoka hapa, na hajarudi. Nilimsema vibaya miaka mingi, peke yangu na mbele ya wateja. Siku hizi nimepunguza. Nakumbuka siku nilipomficha Wakia chumba cha nyuma cha saluni kwa sababu ameingia mteja mgeni, eti asishtuke. Mtoto alikaa huko juu ya ndoo iliyopinduliwa, kimya, mpaka nikamaliza kusuka. Wifi aliondoka kwa basi. Mimi siku ile niliondoka nikiwa nimesimama pale pale, na kitana mkononi.

Kwa hiyo kila Jumamosi kaka anamtumia wifi namba kwa simu, na wifi anajibu neno moja, "Asante." Miaka mitano, namba na asante. Ndoa yao imebakiwa na hayo tu.

Mizani ya Wakia kaka aliiunda mwenyewe kutokana na mizani mbovu ya duka la nafaka. Ina jukwaa la kusimama na saa ya duara yenye mshale, na ile saa aliishusha ifike usawa wa macho ya mtoto, ili asome mwenyewe. Alijivunia jambo hilo. Alisema mtu anayepimwa lazima aone. Jumamosi ilikuwa siku yao. Wakia anapanda, anashika pumzi, mshale unatetemeka kisha unatulia, anasoma kwa sauti, baba anaandika.

Mwanzoni mwa mwaka alikuwa kumi na moja nukta nne. Halafu tumbo likamsumbua, dawa ile ina tabia hiyo, na mshale ukaanza kurudi nyuma. Nukta tatu. Nukta moja. Jumamosi moja ukasimama kwenye kumi nukta tisa. Nilikuwepo. Wakia aliutazama, akauliza bila kulia, kama mtu anayeuliza njia, "Baba, nikifika sifuri inakuwaje?"

Kaka alimshusha, akamvisha sweta, akaenda kuwasha jiko ambalo tayari lilikuwa linawaka.

Wiki hiyo, Wakia akiwa shuleni, kaka aliifungua mizani. Ndani yake kuna visu viwili vya chuma ambavyo mzigo unaviegemea. Ukisogeza kimoja kwa unene wa ukucha, mizani ikiwa tupu inasoma sifuri vizuri kabisa, ila ikibeba kitu inaongeza gramu hamsini kwa kila kilo. Ni ujanja ule ule anaoukamata sokoni tangu ujana wake. Akarudisha kifuniko. Lakiri hakupiga. Alinieleza baadaye kwamba mkono wake ulikataa.

Mpango wake ulikuwa hivi. Wakia asome kwenye saa namba ya kumtuliza moyo, na yeye aondoe ile ziada kichwani, aandike namba ya kweli kwenye daftari na kuituma. Jumamosi ya kwanza saa ilionyesha kumi na moja nukta tatu. "Nimepanda!" akasema Wakia. "Umepanda, mama," akasema kaka, akageuka, akatuma kumi nukta nane. Daktari akaagiza aongezwe chakula na uji wenye mafuta. Jumamosi ya pili ikawa vivyo hivyo. Nyumba ikachangamka. Wakia alikuwa anaimba akila, baba anampigia makofi, na mimi upande wa pili wa ukuta nikasema hewala, mambo yamenyooka. Kumbe ile namba ya kweli kaka alikuwa anaibeba peke yake ndani ya nyumba, na hakuna hata mtu mmoja wa kumshika mkono.

Jumamosi ya tatu hakuwepo. Aliitwa kwenye ghala la nafaka nje ya mji, kurekebisha mizani ya kupimia malori. Alisema atarudi Ijumaa jioni, kazi ikamshika. Mimi nikaona nisiache Jumamosi ipite hivi hivi. Nikamvisha Wakia gauni lake, nikampandisha. Kumi na moja nukta nne. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Nikatoa simu yangu, nikaandika namba, nikawaweka daktari na wifi waipokee kwa pamoja.

Wakia alikuwa bado juu ya jukwaa. "Shangazi, unatuma hiyo?"

"Nitume nyingine ipi?"

Alinitazama, akautazama mshale. "Haya. Tuma."

Nikatuma. Simu ya kwanza ilikuwa ya wifi. Sikuwa nimeisikia sauti yake miaka miwili. Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, hata sikumwelewa mwanzoni. "Wifi, ni kweli? Gramu mia sita kwa wiki moja? Kweli kabisa?" Nikamwambia nimesoma kwa macho yangu haya mawili. Akasema, "Mungu wangu. Mwambie mwanangu... mwambie mama yake amefurahi." Nikamwambia Wakia. Akatabasamu, halafu akaomba maji.

Simu ya pili ilikuwa ya daktari, na yeye hakucheka. Aliuliza kama miguu imevimba. Akanifundisha nibonyeze kifundo cha mguu kwa kidole gumba nione kama panabaki shimo. Akauliza anapumuaje akilala. Kisha akasema, "Mleteni leo. Msingoje kesho."

Nilimpigia kaka pale pale. Aliuliza jambo moja tu. "Ilisoma ngapi?" Nikamwambia. "Naja," akasema.

Alitukuta kituo cha basi kabla ya saa nne. Tukapanda. Wakia alimlalia mapajani, na mimi kila baada ya muda nabonyeza kile kifundo cha mguu, natafuta shimo, silioni, nabonyeza tena. Nilikuwa nasema peke yangu. Labda sikusoma vizuri. Labda nilisoma kwa pembeni. Labda nilishika nguzo ya mizani bila kujua, mimi mjinga, mimi nilijitia mpimaji. Kaka alisikia kila neno. Alikuwa anatazama dirisha. Yeye akishasikia kumi na moja nukta nne alikuwa amekwisha kuondoa ile ziada kichwani, na alijua mtoto hana maji mwilini wala nini. Safari ya nusu siku alijua, na aliniacha nijile nyama. Hilo nimemsamehe, lakini nalisema.

Daktari alikuwa anatungoja. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akambonyeza miguu, akamwita Mjomba Baridi kutoka nyumbani kwake aje afungue mashine. Moyo ulionekana kwenye kioo, mdogo, unafunguka na kufunga kwa bidii. Daktari aliutazama muda mrefu, akauliza vipimo, akalinganisha na vya miezi miwili iliyopita. "Uko vile vile," akasema, akashusha pumzi. Halafu akampandisha kwenye mizani ya hospitali. Kumi nukta tisa.

Akavua miwani. "Nani alipima leo asubuhi?"

"Mimi," nikasema.

"Mama, umekosea gramu mia tano. Kwa mtoto huyu gramu mia tano si kosa dogo. Ningekuwa na haraka, au angekuwepo daktari mwingine kwenye zamu yangu, pengine namba hiyo ingeonekana nzuri na tungempandishia dawa. Dawa ikizidi, tumbo linafunguka, na hana cha kupoteza. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Sikuwa na pa kuuweka uso. Kaka alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, anaizungusha.

"Shangazi alisoma sawa," ikasema ile sauti nyembamba kutoka juu ya kitanda. "Mizani ndiyo inayoongeza. Mawe matano ya kilo moja moja, inasema tano na gramu mia mbili na hamsini."

Mjomba Baridi alijitia kufuta mashine yake. Kaka alivuta kiti, hakukikalia, akapiga magoti pale kando ya kitanda ili macho yao yawe sawa.

"Ulipima lini?"

"Wiki ile ile. Niliona haina lakiri, na wewe ulikwenda kuoga. Sikuyashika kwa mkono mtupu, nilivaa soksi mikononi."

"Mbona hukuniambia, Wakia?"

"Ulikuwa unafurahi."

Nimesuka vichwa vingi na kusikia mengi kwenye kile kiti changu, ya ndoa na ya misiba, lakini sijawahi kusikia neno likamkata mtu namna ile. Wiki tatu alikuwa anampaka mwanawe mafuta kwa mgongo wa chupa, na mwanawe anajua, na anaimba akila ili baba asihuzunike. Wawili katika chumba kimoja, kila mmoja amejifungia peke yake na jambo lile lile. Na mimi upande wa pili wa ukuta nasema mambo yamenyooka.

"Nilidhani unamtumia na mama namba ya mizani," Wakia akaongeza. "Ndiyo maana nilimwacha Shangazi atume. Nilidhani naye unamfurahisha."

Kaka akamweleza daktari kila kitu, kuanzia kisu cha ndani mpaka ile ziada. Alieleza vizuri, kifundi, na uso wake umelowa. Daktari hakumkaripia. Alisema atampunguzia dawa kidogo mpaka tumbo litulie, akaandika maziwa ya nguvu, akaandika milo sita midogo. Kisha akamgeukia Wakia. "Na wewe? Unataka namba ya kweli, au unataka baba aiweke?"

"Nataka yangu," akasema Wakia. "Ni uzito wangu."

Kumpigia wifi ilikuwa kazi ya kaka, na alipiga moyo konde akaifanya pale pale kwenye veranda ya hospitali. Nilimwona kwa mgongo. Hakusema sana. "Mama Wakia, ile namba ya leo si yake. Ni kumi nukta tisa. Mizani niliiharibu mimi." Akasikiliza. Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi. Alipoishusha simu nikamwuliza wifi amesemaje. Alinieleza siku ya pili yake, ndani ya basi, huku anatazama dirisha lake. Wifi alimwuliza zile namba nyingine, za miaka yote mitano, zilikuwa za kweli au za kumfurahisha. Kaka akasema za kweli, zote. Wifi akamwuliza, "Nitajuaje?" Soko zima linamwamini, na mtu mmoja aliyekuwa anampa namba kila wiki hawezi kumthibitishia hata moja. "Sitaki namba kutoka kwako tena," wifi akamwambia.

Tuliporudi nyumbani, kabla ya kuvua viatu, aliiweka mizani katikati ya chumba na kuifungua mbele ya Wakia. Alimwonyesha kile kisu. Akakirudisha mahali pake, akaleta mawe ya shaba, akapanga moja moja, na kila jiwe Wakia anasoma. Moja. Mbili. Tatu. Tano, kamili. Kaka akapitisha waya, akaweka kidonge cha risasi, akalichukua lile koleo.

"Acha nikibane mimi," akasema Wakia.

Akampa. Vidole vyake havikuweza hata kukutana. Alijaribu kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ya kichwa ikasimama. Kaka akanyoosha mkono. "Usinisaidie, Baba." Akafikiri. Akaomba koleo liwekwe kwenye kigoda, mpini mmoja chini na mmoja juu, kidonge katikati ya meno yake. Akageuka taratibu, kwa sababu ya ile nyonga, akaukalia mpini wa juu. Mwanzoni hakuna kilichotokea. Akainua miguu yake yote miwili hewani. Risasi ikabanwa.

"Kumbe natosha," akasema.

Tulicheka wote watatu, na kaka alicheka mpaka akatoka nje.

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Jumamosi zimebadilika. Wakia anapimwa nami nikiwa shahidi, na baba yake haruhusiwi kuingia. Sheria ni ya Wakia. Anasema uso wa baba unasema kabla ya mizani. Kwa hiyo mtu ambaye mji mzima unamngoja asome, anasimama uani na chupa yake ya chai, ameelekea ukutani, anangoja asomewe. Wakia anasoma kwa sauti, anamtumia daktari, kisha anamtumia mama yake kutoka simu yangu. Na wifi hajibu tena neno moja. Kila Jumamosi anauliza, "Nani amesoma?" Wakia anaandika, "Mimi." Ndipo inakuja asante, na siku nyingine swali la pili, amekula nini, shuleni wamefundishwa nini. Kaka hayaulizwi hayo. Anasimuliwa.

Jumamosi iliyopita ilikuwa kumi nukta saba. Wakia alisoma kama anavyosoma siku zote, neno kwa neno, bila kupandisha wala kushusha sauti.

"Rudia," kaka akasema kutoka nje.

"Kumi nukta saba, Baba."

"Nimesikia."

Akatuma. Nani amesoma? Mimi. Akanirudishia simu, akashuka kwenye jukwaa kwa kushika nguzo, akavaa ndara zake, akatoka. Nilimwona dirishani. Alikwenda akasimama kando ya baba yake, naye akauelekea ukuta vile vile, kichwa chake kinafika kwenye mkanda wa suruali ya baba. Kaka akamimina chai kwenye kifuniko, akaipuliza ipoe, akainama akampa.

Nikageuka ndani kupanga vitu. Mshale ulikuwa umerudi kwenye sifuri, kama unavyorudi kila Jumamosi akishashuka, na sijui kwa nini siku hiyo sikuweza kuutazama. Nilichukua kitambaa changu cha saluni, nikaifunika ile saa, nikakaa hapo mpaka waliporudi ndani.